MATUNZO YA UKOKA WAKATI WA KIPUPWE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Bagamoyo, nayo yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokosa kuhudhuria.)



Tulipoombwa kusema machache mbele yenu juu ya matunzo ya ukoka, wako waliocheka wakauliza, Je, chama cha watumishi kimeishiwa na maneno hata tuje kuzungumza habari za majani? Mambo ya mishahara yapo, mambo ya nyumba yapo, na ya pensheni yapo. Majani ni ya ng'ombe. Hatuwalaumu wenye kusema hivyo. Lakini tutakapokwisha twatumaini mtaona ya kuwa jambo hili ni la majani kwa nje tu; ndani yake mna maji ya watu na ujira wa mtu.

Yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu. Miaka kadha wa kadha iliyopita tulikuwa katika ofisi moja ya pwani hii, ambayo hapana haja ya kuitaja. Mbele ya ofisi palikuwa na uwanja wa ukoka, na mzee mmoja kibarua aliyekuwa akiutunza. Mwezi wa Mei uwanja ulikuwa kijani kibichi. Julai ukaanza kugeuka rangi. Hata ilipofika Agosti ukawa kama jamvi kuukuu. Mkubwa wa ofisi alikuwa akitazamia wageni, akaghadhibika. Akaamuru iandikwe barua ya kusema kwamba kibarua yule amepuuza kazi yake, naye akatwe ujira wa siku kumi. Walioandika barua ile ni sisi. Mzee akatuambia, "Mabwana, ukoka huu haukufa, umelala. Ngojeni vuli." Tukamdhania kuwa mtu anayejitetea tu, na ujira wake ukakatwa. Mwezi wa Novemba mvua za vuli ziliponyesha, hayakupita majuma mawili uwanja ule ukawa kijani tena, wala hapana mtu aliyepanda hata kikonyo kimoja. Mzee hakusema neno. Alichukua fyekeo lake akaenda kazini. Walioona haya ni sisi, na tangu siku ile tulijitahidi kujifunza habari za majani haya, ili tusiandike tena barua ya namna ile. Haya tutakayowasomea leo ndiyo tuliyojifunza.

MAJANI YENYEWE

Majani yapandwayo viwanjani mwetu ni ya aina chache. Ya kwanza ni ukoka wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Huu hutambaa juu ya ardhi kwa vikonyo, na chini ya ardhi kwa mashina yaliyojificha, na kila kifundo chake chaweza kutoa mizizi na kuwa mmea mpya. Ya pili ni majani ya Pemba, yenye jani pana na nene, ambayo jina lake la kitaalamu ni Stenotaphrum dimidiatum. Hayo huvumilia kivuli na hewa ya chumvi kuliko ukoka, na kwa hiyo hufaa chini ya miembe na katika nyumba zilizo karibu na bahari. Ya tatu ni majani ya Kikuyu, yaliyopewa jina la nchi ya Wakikuyu huko Kenya. Hayo ni ya nchi za milima, zenye hewa ya baridi na mvua za kutosha, na mtu akiyaleta Bagamoyo atahangaika nayo bure.

Tena yatupasa kukumbuka ya kuwa majani haya si wageni kwetu. Ukoka ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Wazungu waliupeleka mbali, na leo Wamarekani huuita jani la Bermuda, kwa jina la kisiwa kilicho katika bahari ya Atlantiki, kana kwamba ndiko ulikozaliwa. Mwaka 1960 huko Tifton, katika jimbo la Georgia, Marekani, mtaalamu Glenn Burton alitoa aina iitwayo Tifway, mtoto wa ukoka huu na ndugu yake wa Afrika Kusini. Na aina hiyo ikaenea katika viwanja vya mpira na vya gofu vya nchi nyingi. Sasa mtoto wetu amerudi kwetu akifuatana na vitabu vya kutufundisha jinsi ya kumlea. Vitabu hivyo ni vizuri, walakini viliandikwa kwa nchi nyingine, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

BARIDI YA KWAO NA KIPUPWE CHETU

Ukoka na jamaa zake ni majani ya nchi za joto. Hukua vema joto likiwa baina ya digrii 27 na 35. Likishuka chini ya 15 hupunguza mwendo. Na ardhi ikipoa hata kufika digrii 10 au chini yake, majani hukauka na mmea hulala mpaka joto lirudi. Hivyo ndivyo yawavyo katika majimbo ya kusini ya Marekani, na katika nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako umande huganda usiku. Huko miezi ya baridi ikifika viwanja vyote hugeuka rangi ya majani makavu. Wengine hupanda juu yake mbegu za majani ya nchi za baridi, wapate kijani cha muda. Na wengine, hasa wenye viwanja vya gofu, hupaka majani makavu rangi ya kijani, kama mtu apakavyo mlango.

Sasa tutazame kwetu. Bagamoyo iko digrii 6 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Miezi yetu ya ubaridi ni Juni, Julai na Agosti, nayo ndiyo tunayoiita kipupwe. Lakini ubaridi huu ni wa kutufanya tuvute shuka tu. Katika pwani hii, hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya digrii 18, na mchana hupanda karibu na 29. Ukoka haulali kwa ubaridi kama huo. Basi kwa nini unageuka rangi?

Jibu li katika mvua. Mwezi wa Aprili peke yake Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 250 za mvua. Juni hadi Septemba kila mwezi hupata kiasi cha milimita 20 hadi 45 tu. Juu ya hayo, upepo wa kusi huvuma siku nyingi na kukausha ardhi, na ardhi yetu ya pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga, usioweza kuweka maji. Kwa hiyo ukoka wa Georgia hulala kwa baridi, na ukoka wa Bagamoyo hulala kwa kiu. Usingizi ni mmoja, lakini sababu ni mbili mbalimbali, na dawa pia ni mbalimbali. Mtu akisoma kitabu cha huko na kufuata kila neno, atakuwa kama mgonjwa anywaye dawa ya jirani yake.

KUJUA ALIYELALA NA ALIYEKUFA

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, ni wajibu kupima. Kipimo ni rahisi, hata mtoto wa skuli aweza kukifanya. Shika kikonyo kimoja cha ukoka uliokauka, ukichimbue polepole pamoja na kifundo chake na mizizi yake. Kwaruza kifundo kwa ukucha. Kikiwa kigumu, na ndani yake cheupe au cha kijani hafifu, mmea u hai. Kikiwa cheusi, au chavunjika kama kijiti kikavu, basi hicho kimekufa. Fanya hivyo mahali pengi, si mahali pamoja.

Kipimo cha pili: chagua kipande cha hatua moja kwa hatua moja, ukinyweshe ndoo moja ya maji kila baada ya siku tatu. Katika muda wa majuma mawili, kama mizizi ni mizima, utaona ncha za kijani. Kipimo hiki hakigharimu zaidi ya ndoo tano. Lau sisi tungalikifanya mwaka ule, mzee wetu asingalikatwa ujira wake.

KAZI ZA MIEZI HIYO

Twaona yafaa kuzitaja kazi kwa mpango wa miezi, ili kila mwenye uwanja apate kuzifuata.

Mei, masika inapokoma. Huu ndio wakati wa kuuweka tayari ukoka kwa safari ya kiu. Mbolea ya mwisho itiwe mapema mwezi huu, ardhi ingali mbichi, nayo iwe samadi iliyooza vizuri, tena kidogo. Baada ya hapo isitiwe mbolea ya namna yoyote, wala samadi wala urea, mpaka mvua zirudi. Kwani mbolea huuhimiza mmea kutoa majani mapya, na majani mapya hutaka maji ambayo hayapo. Kumtia mmea mbolea wakati wa kiu ni kumwamsha mtu aliyelala na njaa usiku, na jikoni hamna kitu.

Juni. Pandisheni kimo cha kukatia. Ukoka uliokuwa ukikatwa kwa kimo cha inchi 1 uachwe sasa ufike inchi 2, yaani sentimita 5. Na majani ya Pemba yaachwe yafike inchi 3. Jani refu hutia ardhi kivuli, na mizizi yake hushuka chini zaidi. Kosa kubwa tunaloliona kila mwaka ni la kukata chini kabisa mwanzoni mwa kipupwe, ili kazi iishe mara moja. Ardhi huachwa uchi, jua na kusi hufanya kazi yao, na vifundo hufa kweli. Fyekeo au mashine ya kukatia inolewe vizuri, maana makali butu hupasua majani badala ya kuyakata, na jani lililopasuka hupoteza maji mengi.

Julai na Agosti. Ukoka uliolala haukui, basi hauhitaji kukatwa. Hapo mtunzaji apewe kazi nyingine: kurekebisha mifereji, kupogoa miti, kung'oa ndago kwa jembe pamoja na vijiazi vyake, maana ndago ikikatwa juu tu huchipua tena. Watu wasipite kila siku katika njia moja juu ya ukoka uliolala, wala magari yasiegeshwe hapo, kwa sababu mmea uliolala hauwezi kuponya majeraha yake. Kama watu hawana budi kupita, ni afadhali kuweka mawe ya kukanyagia kuliko kuweka kibao cha kukataza.

Twaomba pia kusema neno juu ya ufagio. Desturi yetu ya pwani ni kufagia uwanja kila asubuhi, na mwanamke asiyefagia husemwa na jirani. Desturi hiyo ni njema mbele ya mlango, kwa kuwa nyoka na wadudu huonekana upesi. Lakini kufagia juu ya ukoka uliolala ni kuondoa takataka zote za majani zinazoulinda na jua, na kuchimbua vikonyo. Matone ya kwanza ya vuli yakipiga juu ya ardhi iliyofagiwa hata ikang'aa, maji hayaingii. Hukimbia kwenda baharini, yakichukua udongo wetu. Basi ufagio ukome pale ukoka unapoanza. Hapo itumike reki, tena kwa mkono mwepesi.

Tena moto. Wako wanaochoma majani makavu wakisema kwamba hivyo yatachipua upesi. Ni kweli kwamba ukoka huweza kuchipua baada ya moto, kwa kuwa mashina yake yamo ardhini. Walakini kusi ni upepo wa nguvu, na katika vijiji vyetu nyumba za makuti zingali zipo. Hapana uwanja wenye thamani ya paa la jirani.

Demani, hata vuli inapokaribia. Mwezi wa Oktoba joto huzidi na mawingu huanza kukusanyika. Huu ndio wakati wa kutoboa ardhi iliyokanyagwa sana kwa uma wa bustani, ili maji yapate kuingia. Mvua za kwanza zikishanyesha na kijani kuonekana, hapo ndipo itiwe mbolea, na vipara vijazwe kwa vikonyo vilivyochukuliwa mahali penye ukoka mzito. Anayepanda kabla ya mvua anapanda na kumwagilia. Anayepanda baada ya mvua anapanda tu.

HESABU YA MAJI

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Mtu atauliza, Kwa nini tusimwagilie maji, uwanja ukabaki kijani mwaka mzima? Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 20 kwa 20 una mita za mraba 400. Ili ukoka ubaki kijani wakati wa ukame, vitabu husema utiwe kiasi cha inchi 1 ya maji kila juma, yaani milimita 25. Hizo ni lita 10,000, au ndoo 500 za lita 20, kwa juma moja. Kwa majuma manne ni ndoo 2,000. Nao si uwanja mkubwa.

Lakini ikiwa nia yetu ni kwamba ukoka usife, si kwamba uwe kijani, nusu inchi ya maji mara moja katika majuma manne yatosha kuvihifadhi vifundo. Hizo ni ndoo 250, sehemu moja katika nane. Na mwezi ambao mvua ya kusi imenyesha hata kidogo, kama inyeshavyo mara kwa mara katika pwani yetu, hata hizo hazihitajiki kwa uwanja uliokwisha kushika mizizi. Uwanja uliopandwa mwaka huo huo ndio wenye haki ya kunyweshwa zaidi, nao unyweshwe jioni au alfajiri, na maji yashuke chini, si kulowesha ncha tu.

Je, maji hayo yatoka wapi? Mabomba ya Bagamoyo na ya Dar es Salaam hutegemea sana mto Ruvu. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2022, mvua zilipokawia na mto ukapungua, mwezi wa Oktoba maji yakatolewa kwa mgawo. Watu walipanga ndoo tangu alfajiri. Katika siku kama zile, mpira wa maji unaotiririka juu ya majani ya ofisi, mbele ya macho ya mama aliyebeba ndoo tupu, ni hotuba mbaya kuliko yoyote tuwezayo kuitoa. Raia haoni ukoka. Aona serikali ikinywesha majani na kumwacha yeye na kiu.

Wako watakaosema, Sisi tuna kisima chetu. Basi na waonje maji yake. Visima vilivyo karibu na bahari, vikitekwa sana wakati wa ukame, huvuta maji ya chumvi kutoka chini. Ukoka huvumilia chumvi kiasi, na majani ya Pemba pia. Lakini maji ya chumvi yakitiwa kila siku, na mvua hapana ya kuisafisha ardhi, chumvi hukusanyika juu kama unga mweupe. Isitoshe, kisima kilichoingiwa na chumvi kwa ajili ya majani hakitawafaa watu wanaokinywa.

MANENO YA MWISHO

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba wanachama wayachukue mambo matatu kutoka katika mkutano huu.

Kwanza, kila mwenye mamlaka juu ya uwanja wa ofisi, wa skuli, wa hospitali au wa nyumba ya serikali akubali kwamba toka Julai hata vuli rangi ya ukoka wetu ni rangi ya nchi kavu, wala si aibu. Kama mgeni atakuja mwezi wa Agosti, aione Agosti.

Pili, maji ya bomba yasitumike kuufanya uwanja uwe kijani wakati ambapo watu wanateka kwa foleni. Yatumike yale machache ya kuuhifadhi uhai wake, tena kama yapo.

Tatu, pasiandikwe barua ya kumlaumu mtunza bustani kwa sababu ya rangi ya majani, kabla ya kuchimbua kikonyo na kukikwaruza kwa ukucha. Mtu huyo mara nyingi ndiye mwenye ujira mdogo kuliko sote, na hana wa kumwandikia jibu. Tena mara nyingi ndiye ajuaye zaidi, ila hakuulizwa.

Mzee wetu yule alikwisha acha kazi zamani. Tulimwomba radhi, naye alitupokea kwa wema. Lakini ujira wa siku kumi haukurudishwa, kwa kuwa hesabu za mwaka zilikuwa zimekwisha kufungwa. Twalisema hili mbele yenu bila kujificha, ili asije mwingine akaandika kwa mkono wake kama tulivyoandika sisi. Ukoka uliolala huamka kwa mvua ya vuli. Ujira uliokatwa kwa dhuluma hauna vuli yake, illa tuurudishe wenyewe.